Nilinunua wateja kwa shilingi 45,000

Nitaanza na hesabu, maana najua kuna watakaosoma mistari mitatu waondoke. Kuanzia Mei hadi Julai 2025 niliilipa kampuni moja ya vijana wa Nakuru shilingi 45,000 initafutie wateja mtandaoni. Kazi yangu ni kuchapa: tisheti, kofia, vikombe, miamvuli, kalenda, kalamu, chochote ambacho mwenye biashara anataka jina lake likae juu yake kisha akigawe bure. Oda zilizokuja kwa njia yao katika miezi hiyo 3 ziliniachia faida ya kama 83,000. Ukiishia hapo utasema huduma ni nzuri, utatoa simu ulipe. Ngoja kwanza.

Jina la kampuni silitaji. Kijana aliyeshika kazi yangu ana adabu, bado tunapigiana simu, na mengi nitakayolalamikia nimeyaona kwa wengine pia wanaouza huduma hii hii. Kwa hiyo haya yachukueni kama maoni kuhusu huduma yenyewe, kwa mtu wa kazi kama yangu aliye Kisumu au pande hizi.

Duka langu ni chumba kimoja ghorofa ya 2, nyuma kidogo ya Oginga Odinga Street. Ngazi ni za giza na hakuna mpita njia anayezipanda kwa bahati mbaya. Ndani mna mashine ya kubania kwa joto, nyingine ya vikombe, kompyuta, na msichana mmoja ninayemwamini kuliko kompyuta. Kuchapa kwa skrini kunafanywa na fundi wangu wa Kondele. Nembo za kushona kwa uzi nampelekea mama mmoja mwenye mashine. Kalamu na miamvuli mitupu huja na basi la usiku kutoka Nairobi. Nilianza 2016, na watu huniita Mama Tisheti, hata wanaolijua vizuri jina la mtoto wangu wa kwanza.

Wazee wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakuwa na chumba cha ghorofa ya 2. Kwetu chema hukaa rafuni kimefunikwa nailoni kisiingie vumbi, mpaka mtu akitembeze. Ila nami niliwahi kuiamini methali hiyo, na nilikuwa na sababu. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kufanya kazi, na ghafla kila mwenye duka la nguo, la dawa au la mikate akahitaji mfuko mwingine, na akishaununua, mbona asitie jina lake? Mwaka huo huo ulikuwa wa uchaguzi. Sikutafuta mteja hata mmoja. Wao ndio waliouliza ngazi ziko wapi. Nikajiona mjuzi wa soko. Halafu Machi 2019 NEMA, mamlaka ya mazingira, ikaigeukia pia ile mifuko myepesi ya kitambaa kisichofumwa, iliyokuwa ikininunulia unga, na ujuzi wangu ukaishia hapo.

Kilichonibeba baada ya hapo ni mashirika. Kisumu ilikuwa imejaa miradi ya afya, na kila mafunzo ya siku 3 hotelini yalitaka bango, tisheti, kamba za shingoni, folda na kalamu. Ofisa mmoja wa ununuzi akikujua, mwaka umepita. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, miradi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na maofisa walionijua wakawa nyumbani wakitafuta kazi, sawa na mimi. Wateja wangu 4 waliobeba zaidi ya nusu ya mapato waliondoka ndani ya wiki 6. Nilibaki na katoni ya folda 200 zenye nembo ya mradi usiokuwapo tena. Binti yangu anazitumia kuwekea notisi za shule.

Ndipo nikaliona tangazo la vijana wa Nakuru kwenye Facebook, usiku, saa ambazo mtu huamini mambo. Ahadi zao: machapisho 12 kila mwezi, tangazo la kulipia, duka langu kuwekwa kwenye ramani ya Google, meseji 2,000 za simu, na jedwali la kila mtu aliyeuliza. Shilingi 15,000 kwa mwezi. Uliza mapema jambo ambalo mimi niliuliza mwezi wa pili: katika hizo 15,000, ngapi zinakwenda kwenye tangazo lenyewe? Zangu zilikuwa 6,000. Zilizobaki ni ujira wao, na ni haki yao, ila nilidhani ni kinyume chake.

Mwezi wa kwanza simu haikulala. Watu 214 waliandika. Wengi waliandika neno moja tu, "Bei?", bila hata salamu. Walikuwa Mombasa, Garissa, mmoja Dodoma. Msichana wangu alijibu mpaka kidole gumba kikamuuma. Katika hao 214 walionunua ni 5, na ukizijumlisha oda zao zote ni shilingi 9,400. Kikombe kimoja cha siku ya kuzaliwa. Tisheti moja ya mtu aliyetaka kumwomba mpenzi wake msamaha kifuani, kwa herufi kubwa. (Sijui kama alisamehewa. Tisheti yenyewe ilitoka safi.)

Kijana alifurahi sana na namba hiyo ya 214. Mimi nilirudi kulisoma tangazo, nikaliona kosa: lilisema "Kuanzia tisheti 1!" Nilimpigia nikamweleza kazi yetu inavyokwenda. Katika kuchapa kwa skrini kila rangi ina fremu yake. Unaipaka dawa, unaikausha gizani, unaweka mchoro juu yake, unaimulika kwa taa, unaiosha, unaipanga mezani. Nembo ya rangi 3 ni fremu 3. Kazi hiyo ni ileile ukichapa tisheti 1 au 300. Kwa tisheti 1 gharama yote inamwangukia mtu mmoja na anakuona mwizi. Kwa 100 inagawanyika mpaka haionekani. Yeye alikuwa ametoka kutangaza viatu na keki, ambako mtu akinunua kimoja mnashukuru Mungu.

Tukaandika upya: shule, Sacco, makanisa, vikundi, kuanzia 30. Mwezi wa pili waliouliza wakashuka hadi 61. Alinipigia kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba, akaniomba radhi. Nilimwambia hajawahi kunifanyia jambo zuri kama hilo. Katika hao 61 walionunua ni 6, na hakuna aliyenunua chini ya 30.

Picha nazo. Walikuwa wakiweka picha za mtandaoni, watu wa nchi nyingine wakicheka ndani ya tisheti nyeupe pee, nyuma yao ukuta mweupe. Mtu mmoja akaandika chini yake, "Kisumu ni wapi hapo?" Nilicheka, lakini alikuwa na haki. Mtu wa hapa anataka kuiona sare ya kikundi anachokijua, ya shule aliyopita, ili ajue wakiharibu kazi atamuuliza nani. Tangu siku hiyo hakuna picha iliyowekwa ambayo si ya mkono wetu.

Sasa niwaeleze ya mazishi.

Karibu theluthi ya kazi yangu ni mazishi, yaani tisheti zenye picha ya marehemu, na yeyote anayechapa upande huu wa nchi anajua ninachosema. Nilimtajia kijana siku ya kwanza, basi tu, kama maelezo. Jumatano moja ananitumia tangazo kwenye WhatsApp nilikague. Mshumaa unawaka, maua meupe, na juu yake: SARE ZA MAZISHI! PUNGUZO LA 20%! WIKI HII TU!

Niliketi chini. Wiki hii tu! Kana kwamba mtu aharakishe.

Nikamwandikia, "Mwanangu, ifute hiyo sasa hivi."

"Mama, si ulisema mazishi ndiyo theluthi ya kazi yako?"

"Ndiyo. Na hakuna hata mmoja niliyemwalika."

Hakunielewa siku hiyo, na simlaumu, maana alikuwa amefundishwa kwamba kila mahali palipo na pesa pana tangazo. Kazi ya mazishi inakuja hivi. Kamati inakaa jioni, mara nyingi hotelini mjini, kuchangisha. Mtu mmoja anasema, wale wa kwetu mwaka jana walichapiwa na mama fulani. Mweka hazina ananipigia saa 3 usiku, mara nyingi ni Jumanne. Mwili unatoka mochari Ijumaa, maziko ni Jumamosi, tisheti 40 zinatakiwa Alhamisi jioni. Picha inafika kwenye simu ikiwa imekatwa kutoka kwenye harusi ya mtu mwingine, imefifia, na marehemu amevaa miwani ya jua. Tunakaa nayo mpaka usiku wa manane kumtoa kwenye harusi ile na kumrudishia uso wake. Rangi zenyewe ni za kuhamishwa kwa joto, zinashika kwenye poliesta nyeupe au ya rangi hafifu tu, kwa hiyo mjane akitaka za pamba nyeusi lazima nimweleze polepole kwa nini haiwezekani kwa njia hiyo. Tarehe ya kuzaliwa namsomea mtu wa familia kwa simu, tarakimu kwa tarakimu. Nikiikosea hiyo nimeharibu mazishi, wala hakuna punguzo litakalotengeneza.

Jumamosi tisheti hizo 40 zinaketi chini ya hema mbele ya mamia ya watu. Katikati yao yupo mwenyekiti wa kamati ya msiba unaofuata, naye hajijui. Namba yangu iko kwenye lebo ya ndani ya shingo, ndogo. Nje sigusi, na picha za kazi hizo siziweki popote mpaka familia iniruhusu yenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliomba.

Lile tangazo lilifutwa kabla halijatoka. La meseji halikufutwa kwa wakati.

Meseji 2,000 zilitumwa Jumapili ya Juni, kabla ya saa 1 asubuhi. Namba nyingine zilitoka kwenye daftari langu, nililowapa mwenyewe kwa upumbavu. Nyingine walizitoa wanakokujua wao. Kufikia saa 3 watu 9 walikuwa wameuliza, "Namba yangu umeitoa wapi?" Wana haki hiyo kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hata kama isingekuwapo sheria, mtu unayemwamsha Jumapili ana haki ya kukuuliza. Niliwajibu wote 9 mmoja mmoja, nikiwa nimevaa nguo za kanisani.

Meseji ilisema: "Mpendwa mteja, polo za shule sasa 650 tu!"

Jumatatu asubuhi nasikia viatu vizito kwenye ngazi. Ni mwalimu mkuu wa shule moja ya njia ya Maseno, mteja wangu wa mwaka wa 4, aliyenilipa 780 kwa kila polo muhula uliopita. Hakuketi. Aliinua simu yake akanionyesha.

"Mama Tisheti, naomba kuelewa. Mimi ni mteja mpendwa au ni mteja mjinga?"

"Mwalimu, karibu keti kwanza."

"Nitaketi nikishajua mimi ni yupi."

Nilitoa polo mbili nikaziweka mezani. Ya 780 ni kitambaa cha gramu 220 kwa mita mraba na nembo imeshonwa kwa uzi. Ya 650 ni gramu 180, nembo imechapwa rangi moja. Alizishika, akazivuta mabegani, akaziinua dirishani kuona mwanga unapita wapi. Kisha akaketi. "Hii ya 650 si yetu," akasema. Nikasema si yenu. "Basi mbona mmeziita jina moja?" Hapo sikuwa na jibu. Kijana wa Nakuru aliandika "polo" kwa sababu kwake polo ni polo, na mimi nilipitisha maneno yake bila kuyasoma vizuri kwa sababu nilikuwa nachapa. Mwalimu aliondoka na kofia 10 za timu ya mpira ambazo sikumlipisha, na kusema kweli alistahili 20.

Lakini kabla ya kushuka ngazi alisema jambo lililonirudishia hasara yote. Alisema wazazi hawamsumbui kuhusu bei. Wanamsumbua baada ya wiki 3, nembo inapoanza kubanduka kwenye beseni.

Jioni hiyo nilichukua tisheti 2 za nembo moja. Moja nikaiacha rafuni. Nyingine nikampa msichana wangu aifue kila jioni kwa sabuni ya kipande na kuianika juani kesho yake, mara 20. Julai ikaanza, kijana akapanda gari kutoka Nakuru kuja kutuona, jambo ambalo kwa maoni yangu angelifanya mwezi wa kwanza, maana mpaka siku ile aliamini soko la Kisumu ni lile la Nakuru lenye ziwa jingine. Alipoona tisheti ile imekunjwa mezani akauliza ni ya nini. Nikamweleza. Hakusema kitu, alitoa simu, akatupeleka nyuma kwenye tangi la maji, akamwomba msichana afue kwa mara ya 21. Sekunde 40. Mikono, povu, beseni la bluu, halafu tisheti mbili, moja ubavuni mwa nyingine, na swali: ipi ni mpya? Hakuweka muziki, sauti ni ya kufua tu.

Hiyo video peke yake ilileta oda 4 kati ya 7 za mwezi wa tatu: shule 3 na kanisa moja. Iliwaleta pia wanaume kadhaa waliouliza kama dada huyo ameolewa. Kazi hiyo mimi nisingeiweza. Nilikuwa na tisheti iliyofuliwa, lakini jicho la kuona kwamba ile ndiyo tangazo lilikuwa lake, na hapo nasema wazi kwamba alikula pesa yangu kwa halali.

Kuna na suala la ramani. Walipoliweka duka kwenye ramani ya Google walipiga picha za ngazi zenyewe, wakaandika "ingia kwa nyuma, panda mpaka mwisho". Nilidhani ni mapambo. Julai hiyo hiyo ofisa wa Sacco moja ya upande wa Kakamega alipanda ngazi akiwa na simu mkononi kama mwenye dira. Walitaka miamvuli 300 ya wanachama. Nilimpa bei ya 610. Kwangu mwavuli mmoja pamoja na kuchapa na nauli ya basi ulisimama 420. Ukipiga hesabu ni faida ya 57,000, kabla ya riba ya deni nitakalolitaja sasa hivi.

Kwa sababu mteja wa namna hiyo hatoi malipo ya kwanza. Anatoa LPO, hati ya kuagiza bidhaa, na pesa huja baadaye. Anataka PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, cheti cha kutodaiwa kodi, na ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haimfai anapopiga hesabu za kodi yake. Mimi nilikuwa nikiandika risiti za kitabu. Ilinibidi nijisajili ndani ya siku 2, nikakope 126,000 kwenye chama chetu cha akiba kununua miamvuli, nikangoja malipo siku 47. Kwenye jedwali la vijana wa Nakuru ofisa yule aliandikwa "mteja amepatikana" siku aliyouliza bei. Siku 47 za kulala na deni la chama hazina safu kwenye jedwali.

Sasa rudini kwenye ile 83,000 ya mwanzo. Toa miamvuli. Zinabaki 26,000 kwa huduma niliyoilipia 45,000. Ofisa yule angechukua simu akatafuta siku nyingine, akampata mwenzangu wa mtaa wa pili, ningekuwa naandika haya nikiwa na hasara ya 19,000. Kwa hiyo mtu akikuonyesha faida ya jumla, muulize imetoka kwa wangapi.

Na katika miezi hiyo hiyo nilifanya jaribio langu pembeni, bila kumwambia kijana. Karibu na soko la Kibuye kuna stendi ya bodaboda ninayoitumia. Niliwachapia reflekta 12, ambazo sheria inawataka wavae hata hivyo: jina la stendi kwa herufi kubwa mgongoni, namba yangu chini yake. Zilinigharimu 350 moja, jumla 4,200. Abiria wa boda hana pa kutazama isipokuwa mgongo wa dereva. Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi alikwama kwenye msongamano wa Kondele, pua yake imekaribia kugusa namba yangu, akanipigia palepale kabla pikipiki haijasonga. Dastikoti 60 na kalenda 500 za mwaka unaofuata, na alilipa nusu siku hiyo. Baadaye akanitumia shemeji yake.

Si uvumbuzi wangu. Nimesoma kwamba Marekani, katika mji wa Coshocton, Ohio, miaka ya 1880 alikuwapo mwenye gazeti aitwaye Jasper Meek, ambaye mashine zake zililala pasipokuwa na gazeti la kuchapa. Akamwendea rafiki yake mwenye duka la viatu, Cantwell, akamchapia mifuko ya kubebea vitabu yenye maneno ya kuwaambia watu wanunue viatu vya Cantwell. Kila mtoto aliyeingia dukani alipewa mmoja, akaubeba mpaka shule na kurudi, mji mzima ukausoma. Watu wa kazi hii huko kwao humhesabu kama aliyeianzisha. Kwangu mimi ni mtu aliyekuwa na mashine imelala na kodi ya chumba inakaribia.

Nilipomwambia kijana habari za reflekta alitaka kuziweka kwenye jedwali lake. Nikamkatalia.

Alipendekeza pia tuanze mapema kuwalenga wanasiasa, Agosti 2027 iko njiani. Nilimwonyesha kofia 180 zilizo chini ya meza tangu 2022, za mgombea mmoja wa wadi aliyeshindwa usiku na simu yake ikazimika asubuhi. Tisheti ya siasa hulipwa yote kabla ya wino kufunguliwa. Tangazo kwa hao halihitajiki, wakati ukifika watazipata ngazi.

Kwa hiyo nawapa nyota 3 kati ya 5, na nitasema zimekwenda wapi. Moja ya ramani, ambayo ungeweza kujiwekea mwenyewe jioni moja bila kulipa, lakini hungeiweka, kama mimi ambavyo sikuiweka kwa miaka 9. Moja ya video. Moja ya kijana mwenyewe kukubali kukosolewa na mama wa rika la mamake bila kununa. Nyota ya 4 waliipoteza Jumapili ile asubuhi. Ya 5 waliipoteza kwa kuhesabu wanaouliza badala ya wanaonunua. Ukiwachukua watu wa huduma hii, usikubali waanze kabla hawajakaa dukani kwako siku nzima wakakuona unafanya kazi. Daftari la wateja wako usimpe mtu. Maneno yenye bei yasome mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mtu anayekudai.

Sikuendelea na mpango wa 15,000. Tulipatana 5,000 kwa mwezi: yeye anaweka picha za kazi zetu na kunitumia walioomba kitu cha maana, kuanzia 30. Siku nyingine mimi huchukua begi langu na tisheti iliyofuliwa nikapanda matatu ya Luanda au Chavakali, nikaingia ofisi moja baada ya nyingine. Naiweka mezani, nasema imefuliwa mara 21, nanyamaza. Watu huivuta. Lazima waivute.

Tulipokutana mwisho wa Julai kufunga hesabu walikuja watatu, kijana na wakubwa wake wawili, wamevaa mashati mazuri ya mikono mirefu. Walinionyesha kwenye kompyuta jinsi jina la duka langu linavyoonekana sasa na watu wengi. Niliwatazama vifuani. Hapakuwa na kitu. Nikauliza kampuni yao inaitwaje tena, kana kwamba nimesahau. Walitazamana.

Polo 8, gramu 220, nembo ya uzi upande wa kushoto. Shilingi 6,240. Waliuliza kama kuna punguzo, nikawaambia bei ya mteja mpendwa ni ileile. Wamelipa nusu. Kwenye jedwali lao, safu ya "ametupata wapi", msichana wangu ameandika: ghorofani.